Maji Kutoka kwa Jirani: Namna ya Kuthibitisha Chanzo cha Uharibifu Mbele ya Mahakama

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anayeamka na kukuta ukuta wa chumba chake umelowa, lipu imeanza kubanduka na ufa umejitokeza juu ya dirisha, kwa kawaida huwa na hakika ni nani wa kulaumiwa. Jirani wa upande wa juu alijenga uzio mwaka jana, na tangu hapo maji yanaelekea kwake. Mbele ya mahakama, hata hivyo, hakika hiyo peke yake haina uzito. Sheria inamtaka mdai aonyeshe kwamba maji yaliyoharibu nyumba yake yalitoka kwa mdaiwa, kwamba yalifika kwa njia inayoeleweka, na kwamba ni maji hayo, wala si mengine, yaliyoleta hasara anayoidai.

Makala haya yanafafanua namna uthibitisho huo unavyojengwa kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina mfumo wake wa mahakama na sheria zake za ardhi, na wakazi wa huko wanashauriwa kupata maelezo kutoka mamlaka za huko. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani kwa mdai, kabla shauri halijafunguliwa na kabla ukuta haujakauka.

Mzigo wa kuthibitisha

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaweka bayana kwamba mtu anayetaka mahakama impe haki kwa kutegemea jambo fulani, ndiye anayepaswa kulithibitisha jambo hilo. Katika mashauri ya madai kipimo ni mizania ya uwezekano. Mdai hatakiwi kuondoa kila shaka kama inavyotakiwa kwa upande wa mashtaka katika kesi ya jinai. Anatakiwa kuonyesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko maelezo ya upande wa pili. Mahakama Kuu ilieleza katika uamuzi wa mwaka 1984, ambao hurejewa mara kwa mara hadi leo, kwamba pande mbili haziwezi kwenda sare: mwenye ushahidi mzito zaidi ndiye anayeshinda. Uamuzi huohuo uligusa jambo jingine ambalo wananchi wengi hulisahau. Mtu akiacha kumleta shahidi muhimu bila sababu ya msingi, mahakama inaweza kudhani kwamba shahidi huyo angesema kinyume na anayemtegemea. Fundi aliyefumua bomba la jirani na kuona limepasuka ni shahidi wa namna hiyo. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayosema "nimeshuhudia maji" inasaidia kidogo tu endapo mwenyekiti mwenyewe hatafika kuhojiwa.

Upo msaada mmoja ambao sheria inampa mdai. Jambo lililo ndani ya ufahamu wa mtu mmoja peke yake, mtu huyo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Jirani ndiye anayejua shimo lake la maji taka lilichimbwa wapi, lina kina gani na lilinyonywa lini. Akihojiwa kuhusu hayo, kukaa kimya hakutamsaidia.

Kiwanja cha juu na kiwanja cha chini

Sheria haimwadhibu mtu kwa sababu tu kiwanja chake kiko juu. Maji ya mvua yanayoteremka kwa asili yake, kwa kufuata mwinuko wa ardhi, kwa kawaida hayampi mwenye kiwanja cha chini haki ya kudai fidia. Hali hubadilika pale mkono wa binadamu unapoingia: ukuta uliozuia maji yaliyokuwa yakisambaa na kuyakusanya mahali pamoja, bomba la paa lililoelekezwa mpakani, uwanja uliosakafiwa kwa zege kiasi kwamba ardhi hainyonyi tena, kifusi kilichojazwa juu ya mchirizi wa zamani, au karo la maji taka lililochimbwa hatua chache kutoka msingi wa nyumba ya jirani.

Kwa hiyo swali la kwanza la chanzo halihusu maji yenyewe. Linahusu mabadiliko. Kitu gani kilibadilika kwenye kiwanja cha mdaiwa, na lini? Mdai anayeweza kuonyesha kwamba kwa misimu kadhaa ya masika nyumba yake ilibaki kavu, kisha uzio ukajengwa, kisha maji yakaingia, ameshajenga nusu ya hoja yake. Nusu tu, kwa sababu jambo kutokea baada ya jingine hakuthibitishi kwamba limesababishwa na hilo. Huenda mwaka uleule barabara ya mtaa ilinyanyuliwa kwa kifusi, au kalavati likaziba, au mdai mwenyewe akaongeza chumba cha nyuma juu ya njia ya maji.

Kipimo ambacho mahakama hutumia ni rahisi kukitaja na kigumu kukitimiza: je, lau kama mdaiwa asingefanya alichofanya, uharibifu huu ungetokea? Kama jibu ni kwamba ungetokea vilevile, mdaiwa hawajibiki, hata kama alijenga bila kibali na hata kama kweli maji yake yalivuka mpaka. Kujenga bila kibali ni kosa mbele ya halmashauri, lakini si ushahidi wa chanzo. Wananchi wengi hufika mahakamani na faili nene la ukiukwaji wa taratibu za ujenzi, bila ukurasa hata mmoja unaounganisha ukiukwaji huo na ufa ulio ukutani.

Kuhusu msingi wa kisheria, mahakama zetu bado zinaongozwa na kanuni za sheria ya Uingereza zilizopokelewa tarehe 22 Julai 1920 kupitia Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358. Miongoni mwake ni kanuni iliyotokana na shauri la Rylands dhidi ya Fletcher, lililoamuliwa na Baraza la Malordi mwaka 1868. Mwenye kiwanda huko Lancashire alijengewa bwawa. Maji yakapenya kwenye mashimo ya migodi ya zamani yaliyokuwa chini yake na kufurika katika mgodi wa makaa ya mawe wa jirani. Mahakama iliamua kwamba mtu anayekusanya katika ardhi yake, kwa matumizi yasiyo ya kawaida, kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, anawajibika hata kama yeye mwenyewe hakuwa mzembe. Kanuni hii hutajwa mno katika hati za madai, na mara nyingine hutajwa kana kwamba inamwondolea mdai kazi yote. Inamwondolea kazi ya kuthibitisha uzembe tu. Kazi ya kuthibitisha kwamba maji yalitoka kule na kuleta madhara huku inabaki palepale. Aidha, si kila tangi la nyumbani au bomba la kawaida la maji huhesabiwa kuwa matumizi yasiyo ya kawaida ya ardhi. Kwa mashauri ya aina hiyo mdai huegemea zaidi kwenye uzembe au kero.

Kusoma ukuta

Ukuta uliolowa una lugha yake, na mtaalamu huisoma kabla ya kitu kingine chochote. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mstari wa chumvi nyeupe ambao mara nyingi huishia karibu na kimo cha mita moja, na huonekana kwa usawa kuzunguka kuta nyingi, zikiwemo zisizotazamana na jirani. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba msingi wa nyumba ya mdai haukuwekewa kizuizi cha unyevu. Maji yanayotoka kwa jirani kupitia udongo hulowesha upande mmoja, na huwa mengi karibu na chanzo na kupungua kadiri mtu anavyosogea mbali. Maji ya paa linalovuja huanzia juu na kushuka. Katika jengo la ghorofa, doa la mviringo kwenye dari chini ya bafu la juu linaelekeza pengine kabisa.

Wakati nao unasema. Ukuta unaolowa mvua ikinyesha tu na kukauka kiangazi unaashiria maji ya juu ya ardhi. Ukuta uliolowa mwezi Agosti Dodoma, ambako kwa kawaida huo ni wakati wa kiangazi, hauwezi kusingiziwa mvua. Hapo panatafutwa bomba au karo. Ndiyo maana daftari la kawaida lenye tarehe, saa, hali ya mvua na kimo cha unyevu kilichopimwa kwa futi lina thamani kubwa kuliko picha hamsini zilizopigwa siku moja. Ufa nao uwekewe alama ya penseli kwenye ncha zake pamoja na tarehe, ili ijulikane kama unaendelea au umesimama. Kwenye maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, nyufa hutokea hata kwenye nyumba isiyo na jirani yeyote, na wakili wa mdaiwa hatakosa kulisema hilo.

Zipo pia hatua za kupima. Mdai aanze kwake. Afunge bomba zote za nyumba na kuangalia dira ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna uvujaji ndani ya mfumo wake mwenyewe, na ni bora alijue hilo yeye kabla mdaiwa hajalitangaza mahakamani. Kwa upande wa jirani, fundi anaweza kumwaga rangi maalumu kwenye choo au chemba na kusubiri kuona kama itajitokeza ukutani. Rangi ikitokea, ushahidi ni mzito. Isipotokea, haimaanishi kwamba jirani hahusiki, kwani udongo huweza kuifyonza rangi au kuichelewesha. Sampuli ya maji nayo hupelekwa maabara: vimelea vya kinyesi na amonia huelekeza kwenye maji taka, na mabaki ya klorini huelekeza kwenye bomba la mamlaka ya maji, ingawa klorini hupotea haraka ardhini na kukosekana kwake hakuthibitishi chochote. Maabara za ubora wa maji zilizo chini ya Wizara ya Maji na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali zinaweza kufanya uchunguzi. Sampuli ichukuliwe na mtu atakayeweza kueleza mahakamani aliichukua wapi, lini, na ilipitia mikononi mwa nani.

Hakuna ruhusa ya kuingia kwa jirani kupima bila ridhaa yake. Akikataa, aombwe kwa maandishi, nakala ihifadhiwe, na baadaye mahakama inaweza kuombwa kuamuru ukaguzi.

Kukarabati au kusubiri

Hapa ndipo madai mengi mazuri hupotea. Sheria inamtaka aliyepata hasara achukue hatua za busara kuizuia isikue. Hawezi kuacha dari idondoke ili fidia iongezeke. Lakini akipiga lipu mpya na kupaka rangi wiki ileile, anafuta ushahidi wake kwa mkono wake. Njia inayofaa ni kufanya yote mawili kwa mpangilio. Kwanza picha na video, zikionyesha chumba kizima kabla ya kuonyesha doa, na zikionyesha mpaka wa viwanja. Kisha barua kwa jirani ikimtaarifu uharibifu na kumkaribisha, yeye au mtaalamu wake, kuja kukagua ndani ya siku zinazotajwa. Kisha mtaalamu wa mdai akague. Ndipo ukarabati ufanyike, huku kipande cha bomba lililooza au lipu iliyobanduka kikihifadhiwa kwenye mfuko wenye tarehe. Jirani aliyekaribishwa akakataa kuja hana msimamo mzuri anapolalamika baadaye kwamba hakuona kitu.

Picha za simu zinapokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, kwa sharti kwamba uhalisi wake uthibitishwe: kifaa gani kilitumika, nani alikitumia, na kwamba kumbukumbu haikuchezewa. Simu iliyopiga picha isiuzwe kabla ya shauri kwisha, na picha zisihifadhiwe kwenye kundi la mtaa peke yake, ambako hupunguzwa ukubwa na kupoteza taarifa zake za awali.

Mtaalamu na mahakama

Maoni ya mtaalamu yanapokelewa mahakamani, lakini hayaifungi mahakama. Hakimu hutazama sababu zilizompeleka mtaalamu kwenye hitimisho lake. Ripoti ya kurasa mbili inayosema tu kwamba "uharibifu umesababishwa na jirani" haina nguvu. Ripoti inayoeleza miinuko iliyopimwa, sehemu zilizochimbwa na vyanzo vingine vilivyochunguzwa na kwa nini viliondolewa, ndiyo inayoshinda. Kwa chanzo cha maji na uimara wa jengo, mtaalamu awe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa gharama za ukarabati, mkadiriaji majenzi. Kwa kushuka kwa thamani ya nyumba, mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya mwaka 2016. Mtu mmoja kuyasema yote matatu huwa ni mwaliko wa maswali magumu. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, si vibaya kumtaka mtaalamu aandike ripoti ambayo mteja wake mwenyewe anaweza kuisoma.

Baadhi ya wananchi huamini kwamba hakimu akija kuona eneo, mambo yatajieleza. Mahakama ya Rufani ilikwishatoa mwongozo mwaka 1980 kwamba kutembelea eneo la mgogoro ni jambo la nadra, kwa sababu mahakama inaweza bila kukusudia kugeuka shahidi. Ziara ikifanyika, pande zote huwepo, na yaliyoonekana husomwa na kuingizwa kwenye kumbukumbu. Ziara haijazi pengo la ushahidi ambao mdai hakuuleta.

Mvua kubwa, mfereji wa halmashauri na vyanzo vingine

Utetezi unaotarajiwa kuliko wote ni kwamba mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mwananchi anayekumbuka mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 au masika ya mwaka 2024 anajua utetezi huu hauko hewani. Mahakama za Uingereza ziliukubali mwaka 1876, pale mabwawa ya mapambo katika shamba moja huko Cheshire yalipozidiwa na mvua isiyo ya kawaida na kubomoa madaraja. Lakini mwaka 1917 Baraza la Malordi liliukataa katika shauri la mji wa Greenock huko Uskoti: halmashauri ilikuwa imebadilisha njia ya kijito ili kujenga bwawa la watoto kuchezea, mvua kubwa ikanyesha, na maji ambayo kijito kingeyabeba yakashuka barabarani na kuharibu mali ya kampuni ya reli. Aliyeziba njia ya asili ya maji alitakiwa kuhakikisha njia mbadala inatosha hata kwa mvua kubwa. Shauri hilo la pili linafanana zaidi na uzio unaojengwa juu ya mchirizi katika mitaa yetu.

Takwimu za mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ziombwe kwa maandishi zikitaja kituo kilicho karibu zaidi, na izingatiwe kwamba mvua ya kituo kilicho kilomita kadhaa mbali inaweza kutofautiana na iliyonyesha mtaani. Takwimu muhimu zaidi pengine si za siku ya tukio bali za miaka iliyotangulia: ikiwa mvua kubwa zaidi ilinyesha kabla ya uzio na nyumba ikabaki kavu, utetezi wa mvua umedhoofika sana.

Utetezi wa pili ni kumnyooshea mtu mwingine kidole: mfereji wa halmashauri, bomba la mamlaka ya maji, kampuni iliyojenga barabara. Mdai alichunguze hilo mapema, kwa sababu taratibu hutofautiana. Kuishtaki halmashauri au taasisi ya umma kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu. Taarifa za mifereji zinaweza kuombwa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inatoa siku 30 za kujibiwa. Kwa wakazi wa majengo ya ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inatenganisha sehemu ya mmiliki na sehemu za pamoja. Bomba kuu linalopita ukutani huweza kuwa la wamiliki wote, na jirani wa juu akawa hana hatia.

Vyanzo vinaweza kuwa zaidi ya kimoja. Nyumba kuwa kuukuu hakumpi jirani ruhusa ya kuimwagia maji, ila fidia hulenga uharibifu alioongeza yeye. Hapo picha za nyumba kabla ya tukio, hata za sherehe ya familia zinazoonyesha ukuta nyuma ya wageni, huwa na faida isiyotarajiwa.

Hasara, mahali pa kufungua shauri na muda

Gharama zinazohesabika, kama vile ukarabati, pango la nyumba ya muda na samani zilizoharibika, ni fidia mahsusi. Mahakama ya Rufani ilikwishaamua mwaka 1992 kwamba fidia ya aina hiyo lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. Risiti zitunzwe, na kila moja iunganishwe na sehemu iliyoharibiwa na maji. Risiti ya vigae vya sebule ambayo haikulowa hupunguza imani ya mahakama kwa risiti nyingine. Fidia ya jumla, kwa usumbufu, hukadiriwa na mahakama yenyewe.

Pale maji yanapoendelea kuingia, mdai anaweza kuomba zuio la muda. Kwa kufuata kigezo kilichowekwa tangu mwaka 1969, mahakama hutazama kama kuna hoja ya msingi, kama hasara isiyorekebishika kwa fedha inakaribia, na ni upande upi utaumia zaidi.

Ikiwa kiini cha mgogoro ni mpaka au haki juu ya ardhi, njia huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu na haliamui, na lina siku 30 kabla ya shauri kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ikiwa kinachodaiwa ni fidia ya uharibifu pekee, shauri linaweza kuwa la mahakama za kawaida kulingana na thamani yake. Ushauri wa kisheria utafutwe katika hatua hii, kwani shauri lililofunguliwa mahali pasipostahili huondolewa kabla hata chanzo cha maji hakijajadiliwa. Wasio na uwezo wa kulipa wakili wanaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89. Kwa kosa linaloendelea, kama vile karo linalovuja kila siku, muda huanza upya kadiri kosa linavyoendelea. Kwa ukuta ulioanguka mara moja usiku wa mvua, muda huhesabiwa tangu usiku huo.